Dakika Moja ya Chiriku

5 Februari

Na bado nakataa, Shangazi. Ulisema dirishani, basi limeshaanza kuondoka, kwamba mwezi wa kwanza wa ndoa ni sukari, wa pili ni chumvi, na wa tatu ni sufuria tupu. Sikuweza kukujibu kwa sababu ulifunga kioo makusudi. Sasa nakujibu: huu ni mwezi wa pili na mimi bado nalamba vidole.

Shikamoo, Shangazi yangu. Hujambo wewe, hawajambo vifaranga, haijambo mashine yako ya kutotolea? Sisi hatujambo. Mimi mzima, bwana wangu mzima, chumba chetu kizima isipokuwa mlango wa kabati unaofunguka wenyewe kila mtu akipiga chafya. Baba, kaka yako, amesikia kwamba mkwe wake anashughulika na figo za mbuzi, basi kila wiki anampigia kumwuliza dawa ya mbuzi wa jirani anayekohoa. Bwana wangu anaona haya kumwambia kwamba hajagusa mbuzi mzima tangu utotoni. Anajibu tu, "Mpeni maji mengi, Baba." Na mbuzi amepona! Sasa heshima imezidi.

Uliuliza kazi yake ni nini hasa, maana siku ya harusi ulipomwuliza alianza kueleza, akaniangalia, akasahau alikofikia. (Nilikuwa nimependeza, lazima useme.) Basi nakueleza mimi. Wanatafuta chanjo ya ugonjwa wa mbuzi. Ili waipate, seli za figo za mbuzi zinatakiwa zipokee jeni ya kigeni, yaani maelekezo yaliyotoka kwa kiumbe kingine, ziyafuate kana kwamba ni ya kwao. Shida ni mlangoni. Seli ina ngozi yake na haipokei mgeni ovyo. Kwa majaribio wanatumia jeni ya yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini kama jeli, ambaye ana mwanga wake mwenyewe. Jeni ikiingia, seli ya mbuzi inang'aa kijani chini ya taa yao maalumu. Isipoingia, giza.

Walianza na umeme. Unazipiga seli shoti kidogo, ngozi inatoboka, jeni inapenya. Nusu ya seli zilikufa, kisha na mashine ikafa. Wakaja na vitone vya mafuta vinavyoifunika jeni na kuipitisha kama mgeni aliyeazima koti la mwenyeji. Hiyo ilikwenda vizuri, ila dawa yake hutoka mbali na imekwisha. Sasa wamebaki na njia ya matone, na matone ni ya bwana wangu.

Alinionyesha hapa mezani kwa maziwa na ndimu. Ukitia ndimu tone moja moja huku unakoroga, maziwa yanafanya chembe laini kama vumbi. Ukiyaacha yakae, yanakuwa mabonge. Kule maabara ni hivyo hivyo: maji yenye jeni na madini ya mifupa yanadondoshwa kwenye maji mengine yenye chumvi, tone, tone, tone, huku mrija mwembamba unapuliza mapovu. Inatokea kama moshi ndani ya maji. Unasubiri dakika mbili, unazimiminia seli. Seli hupenda vumbi, hulimeza pamoja na jeni. Bonge hazilitaki. Shangazi, ungeona vidole vyake anapodondosha! Nilimwambia hata kama angekuwa mwizi wa kuku ningempenda kwa vile vidole.

Lakini moyo wangu hautulii. Mkuu wao, mama tunayemwita Mama Miwani kwa sababu huvaa miwani miwili kwa pamoja, mmoja machoni na mwingine kichwani, amesema hivi: mwisho wa Mei. Seli thelathini katika kila mia zing'ae, mara tatu mfululizo. La sivyo njia ya matone inafungwa na bwana wangu anahamishiwa shamba la mifugo, safari ya siku mbili, wanaume sita chumba kimoja, wake hawaruhusiwi. Miaka miwili, Shangazi!

Na matone yenyewe yana wazimu. Leo yanakubali, kesho yanakataa, na hakuna ajuaye sababu. Alhamisi ya tarehe 26 yalikubali vizuri. Naikumbuka kwa sababu asubuhi ile simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya nguo mbele ya macho yake. Tangu hapo, giza.

Mimi simsumbui kazini. Nampigia mara moja tu, saa nne kamili, kumwambia nampenda. Dakika moja tu. Aliniahidi kwamba simu yangu haitalia mara tatu kabla hajaipokea, na kweli haijawahi.

Wako akupendaye,
Chiriku


19 Februari

Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo. Vifaranga mia moja na kumi wametoka juma lililopita, kumi wamekufa, mmoja ana miguu mitatu na anatembea vizuri kuliko wenzake. Mwambie kaka yangu aache kumsumbua mkwe. Huyo mbuzi hakuwa na kikohozi, alikwamwa na mfuko wa plastiki.

Saa yangu ya ukutani imesimama. Unajua bila saa siwezi kugeuza mayai kwa wakati, ikabidi nimwite fundi saa. Ameifungua, akaitazama, akaifunga, ikaanza kwenda. Si mtu wa maneno mengi. Ana mikono safi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliruka sehemu za vidole.

Mimi sikusoma mambo ya seli, lakini nimetotoa mayai miaka kumi na tisa. Mashine ikinitolea vifaranga leo na mayai viza kesho, silaumu mayai wala nyota. Natafuta siku zile zilifanana nini. Basi acha kunieleza kwamba matone yana wazimu. Wazimu hauna kalenda. Niandikie tarehe: siku gani yamekubali, siku gani yamekataa, na siku hiyo kulikuwa na nini nyumbani na kazini. Hata vitu vya kipuuzi. Vya kipuuzi hasa.

Swali jingine. Matone huyafanya saa ngapi?

Na hiyo dakika moja yako, nani anaipima?

Shangazi yako


5 Machi

Shangazi mpenzi, shikamoo!

Nimecheka kuhusu kifaranga wa miguu mitatu mpaka fundi cherehani wa chumba cha jirani akagonga ukuta. Usimwuze! Nitamfanyia soksi.

Sisi wazima, tena zaidi ya wazima. Jana bwana wangu alirudi na ua. Nilimwuliza, "Umelinunua wapi?" Akasema, "Limening'inia ukutani kwa watu, nami nikapita." Mwanamume mwenye elimu yake, anaiba ua kwa ajili yangu! Nimeliweka kwenye chupa ya maabara iliyopasuka mdomo, na kila nikilipita nalinusa.

Tarehe ulizotaka hizi hapa. Hufanya matone Jumatatu na Alhamisi, saa nne kasoro dakika chache, na majibu huyaona baada ya siku mbili.

Tarehe 6, 9, 13 na 16 Februari yalikataa yote. Hakukuwa na jambo, siku za kawaida za furaha.

Tarehe 20 yalikubali! Seli thelathini na tatu katika mia. Siku hiyo mimi niling'olewa jino, yeye mwenyewe ndiye aliyenisindikiza mlangoni kwa daktari, na mdomo ulikuwa umejaa pamba hadi jioni.

Tarehe 23 na 27 yalikataa.

Tarehe 2 mwezi huu yalikubali, thelathini na moja. Siku hiyo sikutaka kukuandikia habari zake, ila umesema vya kipuuzi. Tulikuwa tumenuniana. Alisema mto wangu ni mkubwa kuliko wake, nikamwambia basi lala na Mama Miwani. Nikaapa sisemi naye mpaka aombe radhi. Ndiyo asili ya ua.

Amejaribu kila kitu. Amebadilisha maji. Amebadilisha chupa. Ameamini ni shati: zile siku mbili za mwanzo alivaa lile la buluu la harusi, basi akalivaa wiki nzima hadi Mama Miwani akamwambia, "Kijana, seli zitakufa kwa harufu." Na siku hizi ameanza kuweka chupa za matone kwenye barafu, sijui kwa nini. Nikimwuliza ananibusu. Sijalalamika.

Hiyo dakika napima mimi mwenyewe, kwa moyo.

Na saa yako imepona?

Chiriku wako


25 Machi

Chiriku,

Marahaba. Niko salama. Vifaranga salama. Wa miguu mitatu simwuzi. Amekuwa mkubwa wa wenzake na anawapiga.

Saa haijapona. Safari hii haikusimama, inakimbia. Fundi saa amekuja mara mbili wiki hii. Mara ya pili alikunywa chai, maana kulikuwa na mvua.

Sasa keti chini. Umekaa? Weka hilo ua pembeni.

Siku matone yalipokubali ni tatu. Ya kwanza simu yako ilikuwa ndani ya ndoo. Ya pili mdomo wako ulikuwa na pamba. Ya tatu ulikuwa umenuna. Mwanangu, siku tatu hizo zimefanana kitu kimoja tu: hukumpigia mumeo simu.

Anaanza matone saa nne kasoro. Moshi ukitokea, anatakiwa asubiri dakika mbili, amimine. Ndipo simu inalia, naye ameapa haitalia mara tatu. Anavua glovu, anapokea, unamwambia "dakika moja tu". Dakika yako mimi naijua, nimeilea. Ulipokuwa darasa la pili ulimwambia mwalimu unakwenda chooni dakika moja, tukakukuta sokoni unaamua ugomvi wa watu wazima. Wakati wewe unamwimbia mumeo, vumbi linageuka mabonge, kama yale maziwa yenu ya mezani.

Haina wazimu, hiyo kazi. Ina mke.

Mwambie leo.

Shangazi yako


16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Baba mzima. Mbuzi mzima.

Barua yako niliipata tarehe 30 na nikaiweka chini ya godoro. Nilitaka nikae bila kukuandikia hadi mwaka mpya, lakini hakuna mtu mwingine wa kumwambia.

Umeniumiza. Mtu anaolewa, anampenda mumewe kwa moyo wote, halafu anaambiwa mapenzi yake yanaua mbuzi kabla hawajawa mbuzi. Nilisema moyoni, Shangazi hajui lolote, amezoea mayai. Ili nikuonyeshe umekosea, nikaamua kunyamaza siku mbili bila kumwambia mtu. Sasa sikia.

Jumatatu ya tarehe 3 sikupiga. Ilipofika saa nne nilikalia mikono yangu. Nilizungumza na kabati. Nilimweleza fundi cherehani habari za utoto wangu hadi akakata kitambaa vibaya. Saa nne na dakika tatu simu ikalia: yeye! "Mke wangu, kuna nini? Mbona kimya? Umeanguka?" Nikasema sijaanguka. "Umekasirika?" Sijakasirika. "Basi mbona sauti yako ni ya mtu aliyekasirika?" Tukafika dakika ishirini. Siku ile matone yalikataa kuliko siku zote. Seli mbili tu ziling'aa, naye akasema hata hizo mbili huenda ni uchafu wa kioo.

Alhamisi nikazima simu kabisa ili asinipate. Shangazi, nilikuwa naosha sahani nikasikia watu wanashangilia nje. Natazama, namwona mume wangu anakuja mbio katikati ya barabara na koti jeupe la maabara, glovu moja mkononi na nyingine mdomoni. Fundi cherehani alikuwa mlangoni, akasema, "Dada, daktari wako amekuja, lakini naona mgonjwa ni yeye." Aliponikuta mzima alikaa kwenye ngazi akacheka na kulia kwa pamoja. Nilimpa maji. Nilimpangusa jasho. Ilikuwa siku nzuri sana, ila matone aliyoyaacha mezani yakawa mawe.

Kwa hiyo unaona? Nikipiga yanakufa, nisipopiga yanakufa. Si mimi.

Shangazi, najua ni mimi.

Lakini sitamwambia. Nitamwambia nini? Kwamba kila asubuhi saa nne, wakati nadhani namtia nguvu, namharibia kazi? Ataniangalia kwa jicho jingine. Atasema, kumbe huyu mwanamke ni hasara. Bora nitafute kisingizio cha kuhamisha saa ya simu, ingawa nikihamisha ataniuliza, na mimi uongo hunitoka puani.

Zimebaki wiki sita. Mama Miwani ameshaandika jina lake kwenye karatasi ya uhamisho. Bwana wangu ameona humo hata kitanda alichopangiwa, namba nne, cha juu.

Nifanye nini?

Chiriku


29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Niliandika kwa mkono mzito mara ile. Kazi ya mayai hunizoesha kusema "hili viza" bila kulibembeleza.

Usichanganye mambo. Siku zile tatu za mwanzo alijua kwa nini umenyamaza: simu aliiona ikizama, mlangoni kwa daktari alikufikisha, na kununa mlinuna wote. Akili yake ilitulia kwenye matone. Ulipomnyamazia bila sababu ulimtia kichaa. Basi dawa si kunyamaza. Dawa ni kumwambia.

Mtu aliyekimbia barabarani na glovu mdomoni hawezi kukuita hasara. Atakuita jina jingine, na hilo nalo utaniandikia kurasa nne.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni saa ndogo ya mezani. Fundi saa ameiunda kwa vipande vya saa tatu zilizokufa. Ukigeuza kichwa chake mpaka mwisho, inahesabu dakika mbili, kisha inapiga kengele ya kuamsha mtaa. Mpe mkwe na maneno haya: kengele ikilia, mimina kwanza, penda baadaye. Na tangu sasa si wewe unayempigia. Yeye ndiye akupigie, akishamimina. Utasubiri. Kusubiri hakumwui mwanamke. Mimi ni ushahidi.

Kuhusu saa yangu ya ukutani, umeuliza. Sasa inapiga kumi na tatu ifikapo saa sita. Fundi anasema ni ugonjwa adimu, unataka kuangaliwa kwa karibu. Anakuja kila Jumanne.

Hilo halikuhusu.

Shangazi yako


28 Mei

Shangazi wangu, kipenzi changu, taa ya kijani ya maisha yangu, shikamoo mara arobaini na nne!

Nitakwambia mbona arobaini na nne. Subiri. Umesema kusubiri hakuui.

Kwanza habari: sisi wazima, Baba mzima, fundi cherehani ameniomba nisihamie popote kwa sababu amezoea kelele. Kifurushi kilifika tarehe 11, saa yenyewe haikuvunjika, ilipiga kengele mkononi mwa mtu wa posta naye akakitupa chini akakimbia.

Jioni ile nilimkalisha bwana wangu kitandani. Nikaiweka saa katikati yetu. Nikasema, "Nina jambo. Usiniangalie." Akafumba macho. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: ndoo, pamba, kununa, barua zako, siku nilizokalia mikono. Nikamaliza. Nikajifunika uso kwa viganja. Nikafikiri, haya, ndoa imekwisha, imedumu miezi mitano. Nikachungulia kati ya vidole. Alikuwa anacheka bila sauti.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua ni simu. Tangu wiki ya ule ugomvi wa mto."

Akanyoosha mkono akatoa daftari lake la kazi. Shangazi, pembeni ya kila tarehe kuna namba ndogo imeandikwa kwa kalamu ya risasi: 11, 9, 14, 12, 11. Nikauliza ni nini. Akasema, "Ni dakika zako moja moja."

Dakika kumi na nne! Mimi! Nilibisha mpaka nikakumbuka siku ile nilikuwa namsomea maneno ya nyuma ya kalenda.

Nikamwambia, "Sasa mjinga wewe, kama ulijua, mbona hukuniambia nisipige? Unaona kitanda namba nne kinakusubiri!"

Akasema, na haya maneno nimeyaandika hapa hapa nisije nikayasahau: "Nilitafuta njia nyingine yoyote isipokuwa hiyo. Barafu, chumvi kidogo zaidi, chumvi kidogo pungufu. Nilikuwa natafuta namna ya kuifanya jeni isubiri dakika kumi na moja."

Shangazi, nililia. Watu wote duniani wanatafuta njia ya kuharakisha, yeye alikuwa anatafuta njia ya kuifanya seli ya mbuzi impe mkewe nafasi ya kumaliza kusema. Nimelia, nikamkumbatia, nikaikalia saa, ikalia, fundi cherehani akagonga ukuta.

Basi, Jumatatu ya tarehe 15 akaenda na saa yake. Matone, mapovu, moshi, kengele, akamimina. Ndipo akanipigia. Nilikuwa nimeshika simu kama yai. Seli thelathini na tano. Alhamisi ya tarehe 18, thelathini na tisa. Jumatatu ya tarehe 22 alirudisha barafu, kwa sababu kumbe ile aliyoitafuta kwa ajili yangu ilikuwa na faida yake: kwenye baridi vumbi hukaa laini muda mrefu kidogo. Barafu, kengele, akamimina. Jumatano wakafungua chumba cha giza, na Mama Miwani mwenyewe akainama na miwani yake yote miwili. Akahesabu kimya. Akahesabu tena. Halafu akasema, "Hii si maabara, huu ni mji wenye umeme."

Arobaini na nne katika mia!

Karatasi ya uhamisho ameichana mbele yake. Kisha akamwuliza, "Nini kimebadilika?" Na bwana wangu, asiyejua kudanganya, akamweleza kila kitu, mpaka ndoo. Nilidhani atamfukuza. Kesho yake kukawa na karatasi mpya ukutani maabara, imepigwa chapa na kutiwa saini, maelekezo ya kufuatwa na kila mfanyakazi. Hatua ya tano: weka chupa kwenye barafu. Hatua ya sita: sikiliza kengele, mimina mara moja. Hatua ya saba: piga simu nyumbani.

Kila mfanyakazi, Shangazi! Kuna mzee wa chumba cha vioo hajampigia mkewe miaka minane. Alimpigia Alhamisi, mkewe akauliza nani amekufa.

Haya. Sasa keti chini wewe. Umekaa? Mwosha huoshwa.

Februari, saa yako imesimama. Fundi ameifungua na kuifunga bila kufanya lolote, ikapona. Machi, inakimbia, amekuja mara mbili na kukawa na mvua. Aprili, inapiga kumi na tatu; anakuja kila Jumanne. Shangazi, hiyo saa miaka yote tangu nikiwa mdogo hukuruhusu mtu hata aifute vumbi, kwa sababu haikuwahi kukosea hata nukta. Na wewe ndiye uliyenifundisha: usilaumu mayai wala nyota, tafuta siku zile zilifanana nini. Nimetafuta. Zimefanana mtu mmoja, mwenye mikono safi.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Na huyu si mbuzi wa jirani wa kusingizia plastiki.

Nijibu. Usiniandikie habari za kifaranga.

Chiriku wako, mke wa mtu aliyebaki


7 Juni

Chiriku,

Marahaba. Kifaranga wa miguu mitatu amekuwa jogoo.

Nimefurahi kwa habari za mkwe, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika kwenye karatasi hii ndogo. Mwambie vijana wa siku hizi wakipata mke wanatafuta namna ya kumnyamazisha. Yeye alitafuta namna ya kusubiri. Nimemwombea.

Kuhusu lile jambo jingine, nilikusudia kukujibu kwamba watoto hawaulizi wakubwa. Nimeichana barua hiyo mara tatu. Basi nasema mara moja, usinirudishe.

Saa haikuwahi kuharibika. Mara ya kwanza niliisimamisha mimi kwa kidole. Mara ya pili niliisogeza mbele. Hiyo ya kupiga kumi na tatu ilinichukua nusu siku na bisibisi. Mtu mzima, mwenye mayai mia mbili yanayomngoja kugeuzwa, juu ya kiti, anaharibu saa yake mwenyewe.

Barua yako ilinitia aibu, nikaamua kumwambia. Jumanne alipokuja nilisema, "Fundi, saa ni nzima." Akajibu, "Najua." Nikauliza tangu lini. Akafungua kifuniko cha nyuma akanionyesha. Kumbe mafundi huandika tarehe na ugonjwa humo ndani, kwa herufi ndogo. Ameandika: Februari, saa nzima, nitarudi. Machi, saa nzima, nitarudi. Aprili, saa nzima, mwenyewe hodari wa bisibisi, nitarudi.

Nilifunga kifuniko. Nikampa chai. Hapakuwa na mvua.

Mengine sitayaandika. Nataka niyaseme nikiwa nimekaa, wewe ukiwa na kitu mdomoni cha kukuzuia. Kaka yangu usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, na nitaanza na habari za mbuzi ili azoee.

Nimempata jirani wa kugeuza mayai siku nne. Mwambie mkwe akaze bawaba ya lile kabati, na fundi cherehani akuazime viti viwili, si kimoja. Mwezi huu hautaisha kabla hatujagonga mlango wenu.

Na usipige simu kuuliza tumefika wapi.

Shangazi yako